Benchi la Ultrasaundi

Kambini, Mgololo
Jumapili, 14 Februari 2021

Mama Marta,

Leo ni miezi mitano tangu nipande lori pale Mwanjelwa na begi lile lenye zipu mbovu. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni kwenu huko.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Mtandao wa huku umeharibika. Zamani tulikuwa tunapanda hadi kwenye kisiki kilicho juu ya kambi, mtu anainua simu, inakamata. Sasa haikamati tena. Nimemwomba Jailos, dereva wa lori la mbao linalokuja Mbeya, awe posta wetu. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la tano, na unajua mwalimu wangu alinichapa kuliko alivyonifundisha.

Kazi ni ileile. Wenye chenso wanaangusha mipaini, sisi tunakata matawi, tunaviringisha magogo hadi barabarani, halafu tunapakia kwa mabega. Mvua imeharibu mteremko wote, ukiteleza unashuka na gogo lako mpaka chini. Bega langu la kulia limeota sugu kama kisigino.

Kikohozi kimepita hapa kambini, si kikubwa. Tunajifukiza kwa majani ya mkaratusi, watu wanne tunaingiza vichwa chini ya blanketi moja. Blanketi ni la Liberatus, yule Mhehe wa Ifunda anayelala kitanda cha juu yangu. Ni mtu wa miraba minne, gogo la watu watatu yeye anataka wabebe wawili. Hana mke wala mtoto. Anasema mwanamke wa kwanza atakayemshinda kula ugali ndiye atakayemwoa, na mpaka sasa hajatokea. Humo ndani ya mvuke anaimba, sisi tunakohoa, yeye anatuambia tumwitikie.

Mwambie Marta kwamba kwenye kipaimara chake cha mwezi wa nne nitakuwepo. Nilimwahidi, na bado namwahidi.

Wako,
Asukile


Mwanjelwa, Mbeya
4 Machi 2021

Baba Marta,

Barua nimepata. Sisi ni wazima. Mchele unatoka kidogokidogo, wateja wananusa, wanashika, wanaondoka. Marta amekariri amri zote kumi na maelezo yake, sasa ananitahini mimi.

Nilikuwa nimeanza barua nyingine. Nimeichana, naandika hii.

Jailos alipita jana. Nikamkaribisha chai. Akawa anazungusha kikombe, hanywi. Akaniuliza, "Shemeji, Baba Marta ana ndugu Iringa mjini?" Nikasema hana. "Basi nimefananisha." Nikamwambia, "Jailos, chai yangu umeshaipokea. Sema."

Akasema dada yake alijifungua Iringa mwishoni mwa mwezi wa pili, akaenda kumwona. Kwenye korido, kwenye benchi la ultrasaundi, wanawake wenye matumbo wamejipanga, na katikati yao mwanamume mmoja tu, na mwanamume huyo ni wewe. Mwanamke aliyevaa ushungi wa kijani, tumbo lake kubwa, amelaza kichwa begani kwako amelala. Na wewe umetulia, humwamshi. Jailos hakukusalimia, anasema aliona haya kwa niaba yako.

Na jambo la pili. Jailos anasema mtandao wa kisikini haujaharibika. Kila akija kupakia anapanda pale anapiga simu mpaka Tunduma.

Mimi benchi la namna ile nalijua, Baba Marta. Najua watu wanakaa pale kusubiri nini. Niambie ulikuwa unasubiri nini.

Joyness


Kambini, Mgololo
12 Machi 2021

Mama Marta,

Mimi ni mzima. Natumaini nanyi ni hivyohivyo.

Jailos ni mtu mzuri lakini angeendesha lori lake tu. Ni kweli, aliyemwona ni mimi. Nilimsindikiza mtu. Yule mwanamke ni mke wa Liberatus. Liberatus alikuwa na zamu, hakupata ruhusa, akaniomba mimi nimpeleke, kwa kuwa niko naye kama ndugu. Ndiyo habari yote. Alikuwa amechoka na safari, akasinzia. Ningemsukuma?

Simu inategemea na hali ya hewa. Akija Jailos huwa kuna jua.

Usijaze kichwa mambo. Kazi ni nyingi, nikikaa chini naona nachelewa, nikisimama nataka kukaa. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Asukile


Mwanjelwa
19 Machi 2021

Asukile,

Barua yako ya mwezi wa pili ninayo. Umeandika kwa mkono wako kwamba Liberatus hana mke wala mtoto. Umeandika na habari ya ugali.

Kama ni kunidanganya, ungejitahidi kidogo. Hata Marta akiiba sukari huwa anafuta mdomo.

Kwenye kipaimara atasimama kaka yangu. Usihangaike na safari.

Joyness


Kambini, Mgololo
Jumapili, 28 Machi 2021

Mama Marta,

Liberatus amefariki. Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye mteremko.

Ile sentensi ya kuanzia barua nairuka leo. Nimeiandika mara mbili na mara zote mbili ilikuwa uongo. Soma mpaka mwisho hata kama una hasira.

Mwezi wa kwanza tuliugua karibu kambi nzima. Homa, viungo, kifua. Ni ugonjwa huu ambao kila mtu analijua jina lake na hakuna anayelitaja. Mimi na Liberatus tulilala wiki mbili. Homa ikaisha, tukarudi kazini tukijiona tumeshinda. Lakini pumzi yangu haikurudi. Kile kisiki cha mtandao, Mama Marta, kipo palepale na simu inakamata. Ni mimi nisiyeweza kupanda. Nilijaribu nikakaa njiani mara tatu, kwenye kilima ambacho zamani nilikipanda huku naongea na wewe. Nikaona kuliko unisikie nikihema, afadhali niandike. Karatasi haihemi.

Nesi wa zahanati akatubana vidole na kile kidude cha kupima hewa, akachagua watano, tukapakiwa kwenye pikapu mpaka Iringa. Huko kuna daktari mmoja mwanamke, Daktari Tekla. Hakuogopa kulitaja jina. Alisema, "Mmeugua korona. Homa imeondoka, sasa nataka kuona imewaachia nini moyoni." Akasema atatutazama moyo kwa ultrasaundi, mmoja mmoja.

Watu wakaangaliana. Unajua sisi kipimo hicho tunakijua ni cha nini. Mlangoni pameandikwa maneno ya wajawazito, mashine ni moja, benchi ni moja, na akina mama wamelijaza. Basi ikawa utani. "Asukile, miezi mingapi?" "Mwacheni, anabeba mapacha." "Baba yake ni nani? Ni msimamizi?" Na akina mama nao wakacheka, mmoja akanisogezea nafasi akasema, "Karibu, mama mwenzetu, kaa." Ndiye huyo mwenye ushungi wa kijani. Anaitwa Naima, ni wa Mlandege palepale Iringa. Foleni ilikuwa ndefu, wenzangu wakatoka kusubiri nje mpaka waitwe, naye Naima akalala begani kwangu. Simjui. Sikumwamsha kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka, na ilikuwa vizuri kuona bega langu linatumika kwa kitu chepesi.

Nilipoingia, daktari alinilaza ubavu wa kushoto, akapaka kitu cha ubaridi kifuani, akasukumiza kile chombo chini ya mbavu mpaka panauma. Alitazama kioo tu. Halafu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia magogo. Akasema, "Mapafu yako bado yana makovu. Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kuingia humo. Unasukuma kama nyinyi mnavyosukuma gogo kwenye matope. Sasa umetanuka na umechoka." Nikamwambia mbona natembea, nakula, nacheka. Akasema, "Ndiyo maana napima. Kwa sura siwezi kujua nani aende nyumbani na nani nimwogope. Wapo waliokuja wamebebwa, mioyo yao mizuri, nimewaruhusu. Wewe umekuja kwa miguu yako, na wewe ndiye ninayekuogopa."

Akanipa vidonge vya kuzuia damu isigande. Akaniambia nisibebe chochote mpaka anipime tena Jumatano baada ya Pasaka.

Akamwita Liberatus. Nesi alishamwambia kwamba yeye ndiye anayetakiwa kupimwa kuliko wote, kwa kuwa kile kidude cha kidole kilitoa namba mbaya huku mwenyewe anapiga soga. Liberatus alisimama mlangoni, akachungulia kitanda, akaona mama mmoja anajifuta tumbo. Akarudi nyuma. "Dada," alimwambia nesi, "mimi sina mimba. Nikiwa nayo nitakuja." Korido nzima ikacheka. Daktari akatoka mwenyewe, akamshika mkono, akamwambia, "Kaka, dakika kumi tu, nitafunga mlango." Akasema anakwenda kujisaidia kwanza. Tulimkuta kwenye pikapu, amekaa mbele na dereva, anakula muhogo.

Jumatano hii alikuwa mbele ya gogo, mimi nyuma. Ndiyo, nilikuwa nabeba. Wiki ya kwanza msimamizi aliniweka kwenye matawi, ya pili akasema matawi ni kazi ya wazee, abebaye abebe, asiyebeba aende kwao. Liberatus alisema, "Tuweke kidogo." Hajawahi kusema neno hilo tangu nimfahamu. Tukaweka. Akakaa juu ya gogo, akalala kwa ubavu, ule wa kushoto, kama nilivyolazwa mimi. Sisi tukadhani anatania, maana ni mtu wa utani. Mmoja alimwambia, "Amka, mashine haijafika." Tukacheka. Tulicheka kwa muda mrefu kidogo kabla hatujajua.

Ndivyo ilivyo. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukuambia nikishapona, iwe habari ya zamani. Na ulipokasirika kwa ajili ya yule mwanamke nikaona afadhali. Mke mwenye hasira hapandi basi kumfuata mumewe. Nilipenda unichukie kuliko unihurumie. Ni ujinga, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Tangu Jumatano sibebi. Msimamizi ananiangalia, hanifukuzi, kwa kuwa ameona. Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, naweka mkono kifuani nasikiliza, nikisikia naogopa, nisiposikia naogopa zaidi. Naenda mpaka kwenye njia ya malori narudi. Kitanda cha juu hakina mtu na bado nakisikia kinalia.

Siku ya kupimwa inakaribia, na sijui kama nitakwenda. Aliyekataa amekufa, najua. Lakini nikienda nitaambiwa. Sasa hivi sijaambiwa.

Jailos nimemweleza yote. Alikaa kwenye bampa akashika kichwa. Usimlaumu.

Asukile


Mwanjelwa
Jumamosi, 3 Aprili 2021

Baba Marta,

Jailos amenipa barua yako akasimama palepale kwenye genge mpaka nimalize, kama mtoto aliyevunja chungu. Nimemwambia aende zake, sina neno naye.

Nimelia kwa ajili ya Liberatus ambaye sijamwona. Nimekulilia na wewe, kisha nimekukasirikia upya, na hasira hii ni ya kweli kuliko ile ya kwanza.

Na mimi nina ya kwangu. Nilikuandikia kwamba sisi ni wazima. Mwezi wa pili niliugua. Nililala siku nyingi, Marta ndiye aliyepika. Nilipoamka, pua yangu ilikuwa imekufa. Mimi, muuza mchele wa Kyela. Wateja wananiuliza, "Mama Marta, huu unanukia?" Naunusa, sioni kitu, ni kama kunusa changarawe. Nasema, "Unanukia." Ndivyo nilivyouza mpaka leo, kwa kubahatisha. Mmoja alinirudishia gunia zima akasema nimemchanganyia. Labda kweli. Sikukuambia kwa sababu wewe uliniandikia ni mzima. Ningeanzaje mimi?

Sasa nisikilize habari ya benchi.

Ulipokwenda Mgololo mara ya kwanza, niliachwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Ulirudi ukakuta nimeshamaliza kulia. Ukaniambia Mungu ndiye anayejua. Ukakaa wiki moja ukaondoka. Hukuniuliza chumba kile kilikuwaje, nami sikukusimulia. Nitakusimulia leo.

Nilikaa kwenye benchi peke yangu. Wenzangu walikuwa na mama zao. Nikalala, wakanipaka jeli, ni ya baridi, mtu anashtuka. Daktari akapitisha kile chombo, huku, huku, akarudi pale pale. Mara ya kwanza kioo kilikuwa kimenielekea. Halafu akakigeuza. Sikuuliza. Nilikuwa natazama uso wake tu. Alikuwa anatafuta moyo, Asukile. Alitafuta muda mrefu kwa huruma, na hakuupata.

Wewe moyo wako umepatikana. Umetanuka, umechoka, lakini upo na unapiga, na daktari ameuona kwa macho yake akakuambia uupumzishe. Halafu wewe unaona aibu kwa sababu ya maandishi ya mlangoni. Mimi ningetoa kila kitu, hata genge hili zima, nisikie maneno uliyosikia wewe.

Jumatano utakwenda. Utakaa katikati ya akina mama, wakikutania uwajibu. Utalala kwenye kitanda hicho. Mwambie daktari akugeuzie kioo, utazame mwenyewe, usitazame uso wake.

Moyo ukiwa mzuri, njoo nyumbani. Ukiwa mbaya, njoo nyumbani. Sikuulizi utakuja na nini. Na barua inayofuata usiniandikie mzima wa afya. Andika ulivyo.

Kaka yangu nimemwambia akae kitini, atakayesimama na Marta ni baba yake.

Joyness


Mlandege, Iringa
Ijumaa, 9 Aprili 2021

Mama Marta,

Nilivyo ni hivi: nimechoka, mguu wa kushoto umevimba kidogo, nakula vizuri, nalala nusu. Nimeondoka kambini na begi langu na blanketi la Liberatus, na sirudi tena.

Jumatano nilikwenda. Saa moja asubuhi nilikuwa nje ya ile korido, nikatoka mpaka getini, nikarudi, nikatoka tena. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nikaona haya nikaingia. Na nani alikuwa kwenye benchi? Naima, yule wa ushungi wa kijani, amebeba mtoto wake mchanga, amemsindikiza mdogo wake kupima. Akaniona akasema, "Mama mwenzangu, wewe bado hujajifungua tu?" Nikamjibu, "Wa kwangu ni mkaidi." Walicheka, na mimi nikacheka, na ndani ya kucheka pumzi ikakatika kidogo. Mmoja alinipa maji. Naima akanipakatisha mtoto ili mikono yake ipumzike. Nilikuwa nimekatazwa kubeba, lakini huyo nilimbeba.

Daktari Tekla alipoona nimekuja peke yangu akaniuliza, "Yule mwenzako?" Nikamwambia. Aliweka kile chombo mezani. Akasimama dirishani na mgongo wake kwangu, halafu akaja akasema, "Lala."

Nilimwomba ageuze kioo. Akageuza. Sikutazama uso wake hata mara moja, nilifanya ulivyosema. Niliona kitu cha kijivu kinafunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga, na ndani yake vijilango viwili vinapepea kama karatasi upepo ukivuma. Nilidhani moyo ni kama picha za kwenye kanga. Haufanani kabisa. Ni kama mtu anafanya kazi gizani na hajui kama kuna anayemtazama. Nikamfikiria mtoto wetu. Daktari akanipa kitambaa akidhani nataka kufuta jeli. Nikafuta macho.

Upande wa kulia umepungua. Haujarudi kama zamani, lakini umepungua. Aliniambia kama ningeendelea na magogo, leo asingekuwa anazungumza nami. Nikamuuliza lini nitabeba tena. Akasema mwaka huu hapana, na magogo labda nisahau. Nikamuuliza na magunia ya mchele je? Akatabasamu, akasema, "Hayo unataka kubeba kwa ajili ya nani?" Nikasema mke wangu. Akasema, "Mwambie akubebee wewe kwanza."

Kwa hiyo ujue unayempokea. Hawezi kuinua gunia, hawezi kuinua hata begi lenye zipu mbovu. Lakini nimefikiri jambo. Pua yangu mimi ilirudi. Jana nilipita kwenye maduka ya hapa, nikainama kwenye magunia kama mwizi, nikanusa moja moja, na wa Kyela nikaujua nimefumba macho. Wewe utabeba, utapima, utahesabu. Mimi nitakaa kwenye kigoda, mteja akiuliza kama unanukia, mimi ndiye nitakayejibu, na litakuwa jibu la kweli.

Nimelala hapa Mlandege kwa Naima na mumewe Othmani. Ndiyo, kwa yule mwanamke wako wa benchini. Othmani ana duka la vyombo, amenipa chumba cha uani, hataki kusikia habari ya kulipa. Nilimsimulia barua zako. Alicheka mpaka akakaa chini, akamwita mkewe, "Njoo usikie, umevunja ndoa ya watu Mbeya." Naima anakusalimia sana, anasema ulikuwa na haki, hata yeye angenichana.

Jumapili naenda Ifunda kwa Bibi Veneranda, mama yake Liberatus. Nampelekea blanketi. Bado linanuka mkaratusi, sikulifua kwa makusudi. Sijui nitamwambia nini. Watu wa kambini walimwambia mwanawe aliangukiwa na gogo, wakaona hivyo ni heshima zaidi. Nadhani nitamwambia ilivyokuwa, hata ile ya mimba, kwa sababu atamsikia humo mwanawe akiongea.

Alhamisi nachukuliwa damu hapa Iringa. Baada ya hapo hakuna kinachonizuia, na naona siku hizi haziendi. Nimeshafunga begi mara mbili nikafungua.

Mwambie Marta shati jeupe asilipige pasi mapema, litakunjamana, nitalivaa kwenye kipaimara chake, Jumapili ya tarehe 18 kanisani.

Usije kunipokea stendi, utafunga genge bure. Nitashuka na kutembea mwenyewe. Nikikawia kufika, usiulize nimepitia kwa nani. Ni ule mlima wa kwetu, nitaupanda kwa kukaa, mara tatu au nne, na kila nikikaa nitakupigia simu, unisikie nikihema.

Nitarajie Ijumaa ijayo, tarehe 16, jioni, kabla hujafunika mchele.

Wako,
Asukile